Koki ya Kiunoni

Saa moja na nusu asubuhi, Meru bado amejifunika gubigubi,
na koki imegoma.
Si kugoma kufunguka, hilo lingekuwa afadhali.
Imegoma kufunga.

Fimbo yangu ina urefu wa ghorofa nne.
Brashi iko juu, kwenye madirisha ya ofisi za bima,
mpira unapanda ndani ya fimbo kama mshipa,
na hapa chini, usawa wa kiuno changu,
kakoki ka manjano kasikozidi kidole gumba
kananiaibisha mbele ya barabara nzima.

Maji yanamwagika.
Mama muuza mihogo wa pale konani hakuniuliza kitu.
Amekuja na ndoo, ameitega, amerudi kwenye jiko lake.

"Igonge!" anapaza sauti Anaeli kutoka kwenye tangi.
Dawa ya Anaeli kwa kila kitu ni kugonga.
Mwezi wa tatu aligonga ya kwake, kishikio kikakatika,
koleo nalo likapasuka taya.
Waliosema kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi
hawakukatwa bei ya koleo kwenye mshahara.

Mimi sigongi.
Nafunga kwanza kule kwenye tangi, nasubiri mpira ulegee,
maana koki iliyobanwa na maji haisikii la mtu.
Nalaza fimbo chini. Nafungua skrubu mbili,
moja naiweka mdomoni isipotee.
Natafuta mchanga. Hakuna mchanga.
Natazama oringi: haijakatika, ila imevimba,
kuna mtu aliipaka grisi ya pikipiki
(mtu huyo ana jina, na sasa anatazama pembeni).
Halafu, kwenye shingo ya gololi, nauona:
ukoko mweupe, mgumu,
kama ule wa sufuria ya chai
nyumbani kwetu, Maji ya Chai.

Ukoko huu naujua.
Ndio, au nduguye, ulionipaka meno rangi ya kahawia
yangali ndani ya ufizi,
hata leo nacheka kwa kiganja.

Lakini hapa haukupaswa kuwepo.
Maji ya vioo huchujwa mara tatu,
yasibaki na chochote ila umaji wake,
ili yakikauka kioo kisiwe na doa.
Miaka miwili nimekaa na jambo hilo bila kulisema:
kwamba dirisha la bima linakunywa maji
ambayo mama yangu hajawahi kuyaonja.

Nachukua kipimo garini,
nakitumbukiza kwenye ndoo ya mama wa mihogo.
Kinatakiwa kisome sifuri.
Kinasoma mia tatu na kumi.

Anaeli anahesabu kwa vidole, chujio lilibadilishwa lini?
Kabla ya Krismasi.
Si hii. Ile.
Na kila mwezi Bwana Mrutu anaandika kwenye ankara: *chujio jipya*.

Tumeitukana koki bure.

Naloweka gololi kwenye siki, ndani ya kikombe, dakika ishirini.
Inatoa povu dogo, kama inanong'ona.
Naisugua kwa mswaki wangu wa zamani,
ambao kazi kama hii uliijaribu kinywani ukashindwa.
Oringi mpya. Grisi ya silikoni, kidogo tu,
kama mafuta kwenye uso wa mtoto.
Narudisha. Nasukuma kwa kidole kimoja.
Fungua. Funga. Fungua.
Funga.
Tone la mwisho linaning'inia, linafikiri, linabaki.

Mama wa mihogo amefuata ndoo yake.
"Haya maji yenu, wanasema ni safi kuliko ya chupa?"

Anaeli ananitazama.
Juu yetu, kwenye vioo tulivyoosha jana,
jua limefika
na vidoa vinaanza kujitokeza, kimoja kimoja.

Natoa skrubu mdomoni, nilikuwa nimeisahau.
"Ni yale yale, mama," nasema,
na kiganja kiko chini, kimeshika fimbo.